Mizimu Iliyotoka Machozi: Kisa cha Biskuti 96 za Halloween

Mhusika na mazingira

Kisa hiki kilitokea mwishoni mwa Oktoba katika mji mmoja wa Kati-Magharibi ya Marekani. Mhusika nimempa jina la Mama Rehema, ambalo si lake. Ni mwanamke wa Pwani ya Tanzania, mama wa watoto watatu, anayefanya kazi ya zamu na kuoka nyumbani ili kuongeza kipato. Amekubali nikieleze kisa chake mradi mteja, mahali pa kazi na mtaa visijulikane. Mimi nilikuwa msaidizi wake usiku ule, na kosa moja kati ya yaliyotokea ni langu.

Mama Rehema si mgeni wa oveni. Vileja na biskuti za Idi amezioka tangu akiwa msichana jikoni kwa mama yake, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa wingi ni kupamba biskuti kwa aisingi ngumu, ile rojo ya sukari inayokauka ikawa kama ganda la yai. Kwetu biskuti ikishatoka motoni na kupoa imekwisha, inaingia kwenye kopo. Biskuti ya kupamba ikitoka motoni ndiyo kwanza kazi inaanza.

Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote. Mizizi yake iko Ireland na Uskoti, ambako watu walichonga sura za kutisha kwenye mboga ya mzizi kama tanipu na kuweka taa ndani. Wahamiaji walipofika Marekani katika karne ya 19 walikuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, na boga likawa alama ya sikukuu hii. Rangi zake kuu zikawa chungwa ya boga na nyeusi ya usiku, na mizimu ikaleta nyeupe. Mtu wa mapambo anapaswa kuliangalia hili kabla hajapokea oda: nyeusi ndiyo rangi ngumu kuliko zote katika aisingi, na Halloween inakutaka uiweke ubavuni mwa nyeupe.

Jambo jingine la mazingira. Watoto wa huko hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, lakini biskuti za nyumbani hazigawiwi mlangoni kwa watoto wa watu. Wazazi wengi hutupa chochote kisichofungwa kiwandani. Kwa hiyo anayeoka nyumbani huuza kwa watu wanaomjua, kwa ajili ya hafla za ofisini, za kanisani au za familia. Oda ya Mama Rehema ilikuwa ya namna hiyo.

Oda yenyewe

Mfanyakazi mwenzake aliagiza biskuti 96 kwa hafla ya jioni ambayo wafanyakazi wangekuja na watoto wao: mizimu myeupe 32, maboga 32 na popo weusi 32. Bei ilikuwa dola 3 kwa kila biskuti. Mteja angezichukua Ijumaa saa mbili asubuhi. Alisisitiza sharti moja, kwamba kuna mtoto mwenye mzio wa karanga, hivyo isiingie karanga wala kitu kilichogusana na karanga.

Sharti hilo Mama Rehema alilichukua kwa uzito unaostahili. Alisafisha meza, akanunua unga mpya, na siagi ya karanga ya watoto akaitoa kabisa jikoni kwa juma zima. Nalitaja mapema kwa sababu baadaye lilituzuia njia ambayo ingetuokoa kirahisi.

Mfuatano wa matukio

Jumanne usiku alikanda donge. Alipima kila kitu kwa mizani: siagi gramu 900, sukari gramu 800, mayai manne, unga wa ngano kilo 1.6, chumvi kidogo, vanila, na iliki ya kutwangwa, kijiko kimoja kidogo. Hakutia baking pauda hata chembe, kwa kuwa biskuti ya kukatwa sura ikiumuka, popo anakuwa kama kuku. Donge aliligawa mafungu manne, akayafunga na kuyalaza kwenye friji.

Jumatano baada ya kazi alisukuma na kukata. Hapa alifanya jambo ambalo wengi wetu tunalipuuza: alichukua vijiti viwili vyenye unene wa milimita 6, akaviweka kushoto na kulia kwa donge, kisha akapitisha kifimbo cha chapati juu yake. Biskuti zote zikatoka na unene mmoja. Sura zilizokatwa alizirudisha kwenye friza dakika 15 kabla ya kuzioka kwa nyuzi 175 za selisiasi, dakika 11, hadi kingo zilipoanza kugeuka rangi. Nilizigusa baadaye, zilikuwa tambarare, kingo kali kama zimekatwa kwa wembe. Hadi hapo kazi ilikuwa ya fundi.

Alimaliza kuoka saa mbili usiku. Angeweza kuchanganya aisingi saa ile ile na kupaka tabaka la kwanza. Alikuwa amechoka, akalala. Ni haki yake, ila saa zile ndizo zilizokuja kukosekana.

Alhamisi saa kumi na moja jioni akaanza kupamba. Aisingi aliitengeneza kwa sukari ya unga kilo 1.8, unga wa ute wa yai vijiko vikubwa 12 na maji. Alikuwa amejiuliza kama atumie ute wa yai bichi kama mamaye, akaamua hapana kwa kuwa walaji ni watoto na ute mbichi unaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Uamuzi mzuri.

Ugumu ulianzia kwenye maji. Aisingi ya kuchora kingo inapaswa kuwa nzito, na ya kujaza ndani iwe laini kiasi cha kujitandaza. Kipimo chake ni kupitisha kisu juu ya bakuli na kuhesabu: mstari ukijifunga baada ya sekunde 10 hadi 15, iko sawa. Ya Mama Rehema ilijifunga kabla ya sekunde ya 5. Aliitaka hivyo ili itandae haraka, kwani saa zilikuwa zinakwenda.

Kisha ikaja nyeusi. Rangi ya chungwa alikuwa nayo ya jeli, lakini nyeusi alinunua ya maji, ile ya vichupa vidogo vya dukani. Akatia matone kumi, aisingi ikawa kijivu. Akatia mengine, ikawa kijivu cha mvua. Alipomaliza kichupa ilikuwa karibu nyeusi, nyembamba kama uji wa mgonjwa, na ukiionja inaacha uchungu kwenye ulimi.

Wakati wote huo jikoni kulikuwa na sufuria ya maharage ya kesho inachemka. Ni nyumba ndogo, ya vyumba viwili, madirisha yamefungwa kwa baridi. Vioo vilikuwa vinatiririka.

Saa tatu na nusu usiku maboga yalikuwa mezani, mizimu na popo kwenye trei. Alipogusa mzimu mmoja ulikuwa laini bado. Mizimu 12 alikuwa ameshaitia macho meusi. Akafanya ambalo mtu yeyote aliyekulia kwenye joto la Pwani angelifanya: akazisukuma trei za mizimu na popo kwenye friji ili zishikane upesi. Maboga yalikosa nafasi, yakabaki mezani.

Saa nne usiku akazitoa. Saa nne na robo akanipigia simu.

"Dada, njoo. Mapopo yanatoka jasho, na mizimu inalia."

Nilifika baada ya dakika 20. Ilikuwa kama alivyosema. Kila popo alikuwa na matone madogo mgongoni, na weusi ulikuwa umeanza kushuka pembeni mwa biskuti. Macho ya ile mizimu 12 yalikuwa yamechuruzika hadi kidevuni. Mizimu miwili mingine ilikuwa imebonyea katikati, shimo la ukubwa wa ncha ya kidole, na chini yake biskuti inaonekana. Maboga 32 yalikuwa kimya mezani, yameanza kupoteza mng'ao, dalili kwamba yanakauka.

Maamuzi ya usiku ule, na sababu zake

Kwanza tulizima maharage na kufungua dirisha kidogo. Mama Rehema alishangaa, nje kulikuwa na baridi kali. Nilimweleza kwamba hewa baridi hubeba mvuke mchache, na ikiingia ndani ikapata joto inakuwa kavu, inanyonya maji. Tukaweka feni ndogo upande wa pili wa meza, ikipuliza juu ya trei kwa kasi ya chini.

Pili, tuliamua hakuna kinachorudi kwenye friji, wala kuingia kwenye oveni. Wazo la oveni ya moto mdogo lilikuja. Nililikataa kwa sababu siagi ya ndani ya biskuti ingelainika na kupanda juu, na madoa ya mafuta kwenye aisingi nyeupe hayafichiki.

Tatu, popo. Hapa ndipo nilipokosea. Nilishauri tukwangue ule weusi wote wakati bado ni mbichi, tuanze upya. Biskuti zilikuwa zimeshanyonya maji juu, na kisu kilipopita mabawa yalikatika. Tulivunja 11 kabla sijasema tusimame. Tungewaacha wakauke, hata kwa madoa, kisha tukawapaka juu yake aisingi nzito, nadhani wengi wangepona.

Kwa wale 21 waliobaki, njia rahisi ilikuwa chokoleti. Unayeyusha, unapaka, inashika ndani ya nusu saa, na inatosha kuwa popo. Kabatini kulikuwa na mfuko. Mama Rehema ndiye aliyesoma maandishi madogo nyuma: imetengenezwa katika kiwanda kinachotumia karanga. Akaurudisha kabatini bila neno, na mimi sikubishana. Huko siku hizi kuna familia huweka mlangoni boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani, kuwajulisha wazazi kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula kwa watoto wenye mzio. Shirika la FARE, la Marekani linaloshughulikia mzio wa chakula, lilieneza alama hiyo nchi nzima kuanzia 2014. Mzazi anayetafuta alama kama hiyo ndiye angekabidhiwa biskuti zetu.

Tukageukia kakao safi, ambayo pakiti yake haikuwa na onyo hilo. Aisingi nzito iliyosalia tulitia kakao hadi ikawa kahawia iliyokolea, tukaipaka kwa mgongo wa kijiko, tabaka jembamba tu, kisha tukachora mifupa ya mabawa kwa aisingi hiyo hiyo ikiwa nzito zaidi. Popo wa kahawia ni wengi Marekani kuliko weusi. Hatukumdanganya mteja kuhusu mnyama, tulibadilisha rangi tu.

Nne, mizimu inayolia. Nilitaka kuipaka nyeupe upya. Mama Rehema aliiangalia kwa muda, akasema, "Mwenzangu, hii ni sikukuu ya kutisha. Iache ilie." Tukaiacha ikauke na machozi yake, na asubuhi akaichorea midomo ya duara. Mizimu 18 mizima iliyobaki haikutiwa macho usiku. Ilisubiri hadi saa kumi na mbili asubuhi, ilipokuwa mikavu kabisa, ndipo akaidondoshea macho ya kakao nzito kwa kijiti cha meno.

Kulikuwa na jambo dogo la tano. Jirani alikuwa amempa kichupa cha unga wa kung'aa wa fedha, upakwe kwenye popo uwe kama mwanga wa mwezi. Kichupa hakikuwa na orodha ya viambato, kimeandikwa tu kwamba hakina sumu. Hatukukitumia. Kutokuwa na sumu na kuwa chakula ni vitu viwili. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island watoto waliugua kwa kula keki ya sikukuu ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa namna hiyo, nao ulikutwa na shaba nyingi. Unga wa kupambia unaolika huwa umeandikwa wazi kwamba unalika, na viambato vyake vimeorodheshwa.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa simu. Saa moja asubuhi, saa nzima kabla ya mteja kuja, Mama Rehema alimpigia. Alimwambia biskuti zitakuwa 83 na si 96, popo watakuwa wa kahawia, na zinahitaji saa mbili zaidi za kukauka kabla ya kufungwa. Hakueleza habari za friji wala maharage, kwa sababu mteja hakuhitaji kuzijua. Akampa nafasi ya kukataa.

Matokeo

Mteja alikubali kuja saa nne. Alichukua mizimu 30, maboga 32 na popo 21, zikiwa zimepangwa tabaka moja moja na karatasi ya kuokea katikati. Bei ya biskuti 83 ilikuwa dola 249. Mama Rehema alipokea 240.

Jioni mteja alituma ujumbe. Watoto walikuwa wamegombania mizimu inayolia. Mbili za tabaka la chini zilikuwa zimeganda kwenye karatasi na kubanduka uso. Mizimu minne ilikuwa na madoa ya mafuta, ambayo hakuyalalamikia ila aliyaona. Mtoto mwenye mzio alikula boga na popo, akaenda nyumbani salama.

Uchambuzi

Mama Rehema alipozungumza nami juma lililofuata, aliulaumu mkono wake. Alisema hajui kupamba. Sikubaliani naye, na ushahidi uko kwenye ile meza.

Tazama makundi matatu. Yote yalipambwa na mkono mmoja, usiku mmoja, kwa aisingi ya bakuli moja iliyokuwa na maji mengi kupita kiasi, katika jikoni lile lile lenye mvuke. Maboga hayakuingia friji, na rangi yake ilikuwa ya jeli: yote 32 yakapona. Popo waliingia friji na rangi yao ilikuwa ya maji: hakuna aliyepona na sura yake ya kwanza. Mtu angeweza kusema ni rangi iliyowaua. Lakini mizimu haikuwa na rangi yoyote isipokuwa macho, na iliingia friji, nayo ikatoka jasho. Kwa hiyo rangi ya maji ilizidisha hali tu. Kilichoharibu makundi yote mawili ni friji.

Sababu yake ni ile ile inayofanya chupa ya soda ilowe ukiitoa barafuni. Biskuti iliyopoa ikikutana na hewa yenye mvuke, maji hugandamana juu yake, na aisingi ni sukari, sukari hunywa maji. Nyumbani Tanga au Mombasa friji ni rafiki wa mpishi karibu katika kila jambo. Kwa donge bichi ilifanya kazi yake vizuri Jumanne na Jumatano. Kwa aisingi mbichi ni adui, na zaidi katika jikoni ambamo maharage yanachemka.

Yale mashimo katikati ya mizimu miwili yana asili nyingine. Aisingi nyembamba ikichelewa kukauka juu, uso hudidimia kabla ya kushika. Dawa ni mbili na zinakwenda pamoja: uzito wa sekunde 10 hadi 15, na feni tangu dakika ya kwanza, si baada ya saa tano. Maji ya kulainisha yatiwe kwa matone, au kwa kichupa cha kupulizia, maana kijiko kimoja kidogo cha maji kwenye bakuli dogo kinatosha kukuvusha mpaka.

Nyeusi inahitaji aya yake. Hakuna rangi ya maji itakayokupa nyeusi ya kweli bila kuiharibu aisingi. Anza na kakao, upate kahawia, kisha tia rangi nyeusi ya jeli hadi ifikie kijivu kizito, halafu uifunike na uiache. Rangi za jeli hukolea zenyewe kadiri saa zinavyokwenda. Kijivu cha jioni huwa nyeusi asubuhi. Mtu mwenye haraka huendelea kutia, na matokeo yake ni uchungu mdomoni, meno ya watoto kuwa meusi kwenye picha, na weusi unaovuka mpaka kuingia kwenye nyeupe. Mkaa wa kula, ambao baadhi ya waokaji huusifu, mimi siupendi kwa chakula cha kugawiwa watu: hunasa dawa tumboni, na hujui nani kati ya walaji amemeza dawa yake asubuhi ile.

Lakini mzizi wa yote ni kalenda. Aisingi ya kujaza hutaka saa 8 hadi 12 ili ikauke hadi ndani, na macho au mistari ya juu huja baada ya hapo. Toka saa tatu na nusu usiku, mizimu ilipokwisha kupakwa, hadi saa mbili asubuhi ni saa kumi na nusu, na humo ndani zilipaswa kuingia macho, kukauka kwa macho na kufunga. Hata kama kila kitu kingekwenda sawa, muda haukutosha. Madoa ya mafuta na zile mbili zilizoganda kwenye karatasi zinatoka hapo hapo. Alihesabu siku kutoka Jumanne kwenda mbele. Oda ya namna hii huhesabiwa kutoka saa ya mteja kurudi nyuma.

Yaliyofanikiwa yalikuwa na uzito wake. Mizani, vijiti viwili na friza vilitoa biskuti ambazo zingestahimili karibu kila kitu, na bila ubapa ule tusingepata hata hao popo 21. Kusoma maandishi madogo saa tano usiku, ukiwa umechoka na suluhisho liko mkononi, ni jambo ambalo nimeona waokaji wenye uzoefu mkubwa wakishindwa. Na ile simu ya saa moja asubuhi ilimpa mteja saa kumi za kujipanga kabla ya hafla. Angeyakuta mapungufu kwenye boksi mlangoni, mazungumzo yangekuwa mengine.

Mizimu inayolia siihesabu kama mafanikio ya mpango. Ilikubalika kwa kuwa sikukuu yenyewe ni ya kutisha. Ingekuwa harusi, 12 zile zingetupwa.

Mwezi wa Desemba Mama Rehema alipata oda nyingine, biskuti 60 za nyota na miti. Mteja angezichukua Jumamosi. Jumatatu usiku nilipita kwake nikakuta kijani kimeshachanganywa, kimefunikwa kwa plastiki iliyogusana na uso wa aisingi, na juu ya mlango wa friji amebandika karatasi yenye neno moja: DONGE.